Upande wa Pili wa Kanda

11 Februari

Kaka yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Nisamehe kwanza, ndipo uendelee kusoma. Ni miezi mitano sijakuandikia, na wewe katika miezi hiyo umeniandikia mara mbili. Barua zako ninazo, ziko chini ya godoro la watoto, maana humu ndani ni hapo tu pasipofika mafuta ya mashine. Kila nikishika kalamu mdogo analilia ziwa, akinyamaza sufuria inafurika, nikiinua sufuria kalamu imeshapotea. Lakini hizo ni sababu za mdomoni. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui nianzie wapi, na nilijua nikianza nitakuomba kitu.

Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Shangazi mguu wake umepungua kuvimba, anakusalimu na kukuuliza utaoa lini, swali ambalo nimelifikisha na sasa halimo mikononi mwangu. Mdogo, yule ambaye hujamwona, ana miezi saba, ana meno mawili na anajua kuyatumia. Shemeji yako yuko na kazi zake za redio. Tumehama, tuko ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Cha mbele ndiyo karakana: redio zimefunguliwa vifua, spika zimelala kifudifudi, nyaya kila mahali. Cha nyuma tunalala, tunapika na kuanika. Mlango wa kutokea ni mmoja, nao uko karakana. Hata nikienda kutupa taka lazima nijifunge vizuri, nibebe mmoja, nishike mwingine, nipite mbele ya benchi na wateja wakiniangalia miguu nisije nikakanyaga kitu chao. Siku nyingi naona heri nikae.

Sasa jambo lenyewe. Binti yangu mkubwa aliugua mwezi wa tisa. Homa, halafu degedege, siku nne hospitali. Ulimwacha akizungumza kama kasuku, ulisema mwenyewe kwamba atakuja kuwa wakili. Alirudi nyumbani anatembea, anakula, anacheka, lakini maneno yote yamekwisha. Hata moja halikubaki. Baba yake, kwa huruma, akaanza kumwita Bibi Kimya, na jina limeshika.

Kliniki wana mama mmoja wa kufundisha kusema. Tulikuwa tunakwenda kila Jumanne. Ana dufu dogo. Anampigia taratibu, pigo moja silabi moja, ma, ji, ma, ji, na mtoto anaweka kiganja juu ya ngozi asikie inavyotetemeka. Juma la tatu Bibi Kimya akasema "ma." Kaka, nililia pale pale, pua na macho. Yule mama akasema nyumbani nifanye hivyo hivyo kila siku, dufu na neno, dufu na neno, maana mtoto huyu maneno yake yamejificha nyuma ya pigo.

Juma la nne shemeji yako alikuja nasi. Alipoliona dufu, tena lina vile visahani vya bati ubavuni, akambeba mtoto akatoka naye nje. Hakupiga kelele. Barabarani akaniambia anamwogopa Mungu kuliko anavyoogopa mtoto wake kunyamaza. Usimdhanie vibaya. Ni mtu anayerekebisha redio za watu kwa kusikiliza taarifa ya habari, na muziki ukiingia katikati, mkono wake umeshafika kwenye kitufe cha sauti. Wateja wanamtania kwamba redio zake zikitoka hapo zinajua habari tu, kuimba zimesahau. Anacheka nao, na mkono unabaki pale pale.

Nilipomuuliza ushahidi wake ni nini, alinyoosha mkono rafuni akachukua kanda. Yako. Ile ya miaka tisa iliyopita, uliyosema kila chenye sauti ya kupigwa kinafungua mlango wa shetani. Anaiweka siku za Ijumaa baada ya chakula. Kwa hiyo usidhani tuko mbali, kaka. Mimi ninaishi na sauti yako chumba kimoja.

Sikuulizi dufu la marehemu Baba ulilifanyia nini siku ile ulipoondoka nalo ndani ya gunia. Nakuuliza hili tu: mtoto wangu anaruhusiwa au haruhusiwi? Niandikie jibu ninaloweza kuliweka juu ya benchi la mume wangu. Anakuamini wewe kuliko anavyoniamini mimi, na si kosa lake.

Nakuachia hapo, mdogo ameamka.

Dada yako


20 Machi

Kwa dada yangu mpendwa,

Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako ilinikuta katika wiki za mitihani, ndiyo maana nimechelewa. Mimi sijambo. Chuo kimeongeza wanafunzi na chumba changu sasa nagawana na makabati ya vitabu. Nikigeuka usiku nagonga kiwiko. Nimesikitika mno kwa habari za mtoto. Nimemwombea kila sala.

Ama suala lako, wanazuoni wamekhitilafiana tangu zamani. Wapo waliokataza ala zote, na wana hoja zao katika hadithi. Wapo waliotofautisha kati ya ala na ala, na kati ya wimbo unaokumbusha kheri na wimbo unaoita kwenye uchafu. Dufu wengi wamelitoa katika makatazo, kwa sababu ya wale wasichana wawili waliolipiga siku ya Idi nyumbani kwa Mtume na hawakuzuiwa, na kwa sababu ya harusi. Wengine wakasema: kwa siku hizo tu. Visahani vya bati vina maneno mengi zaidi.

Kwako wewe, kwa mtoto mgonjwa, ndani ya nyumba, dufu lisilo na visahani, mimi sioni ubaya. Moyo wako utulie.

Ila barua hii usimwonyeshe mtu. Mambo haya yakitoka nje ya mahali pake huleta fitina. Mtii mume wako, ongea naye kwa upole, na Mungu atafungua njia.

Nisalimie Shangazi. Mwambie dua zake zinahitajika.

Kaka yako


9 Mei

Kaka,

Assalamu alaikum. Shangazi mzima, anasema dua anaomba lakini na wewe utoke ndani ya hayo makabati. Mdogo ameanza kutambaa, jana nilimkuta na betri mdomoni. Mvua hazikati, nepi zinakauka juu ya vichwa vyetu, tunatembea tumeinama kama watu wa mgodini. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Nilifanya kama ulivyoniandikia. Dufu sina, nikachukua beseni letu la bati, nikaligeuza. Shemeji yako akiteremka kwa sala ya adhuhuri nilikuwa na kama dakika ishirini na tano. Nalaza mdogo, namkalisha Bibi Kimya, tunaanza. Ma-ji. Ma-ma. To-ka. Le-te. Kaka, maneno manne. Lakini ni juu ya beseni tu. Ukiliondoa beseni anafungua mdomo na hakitoki kitu, anakutazama kama mtu aliyefungiwa mlango kwa nje. Na mimi nilikuwa nahesabu nyayo kwenye ngazi, nikizisikia nageuza beseni, natia nepi, naanza kufua nepi safi. Nepi zile zilifuliwa mpaka zikachakaa.

Siku moja hakuvaa viatu vya kugonga. Alikuwa mlangoni muda gani sijui. Nilimwona Bibi Kimya anatazama juu anacheka, nikageuka.

Hakugomba. Alichuchumaa akaligusa beseni. Akauliza kwa upole kabisa beseni likigeuzwa linakuwa ngoma au linabaki beseni. Nikamwambia sijui, mimi nimeishia darasa la saba. Akasema naye hajui, na hilo ndilo linalomnyima usingizi. Halafu akaniambia, "Lakini nimemuuliza kaka yako, na amenijibu."

Akaenda rafuni, akafungua redio moja ya mbao iliyokufa zamani, akatoa barua. Mwandiko wako. Wino wako ule wa bluu unaoganda. Tarehe kumi na nane Machi. Akanisomea. Unamwambia kwamba mtu mwenye kuihurumia dini yake huyaacha yenye shaka, kwamba Mungu aliyechukua maneno anaweza kuyarudisha bila ngoma, na kwamba ashikilie hapo hapo.

Tarehe kumi na nane, kaka. Siku mbili baadaye ukaniandikia mimi kwamba huoni ubaya. Na hukunigusia hata kidogo kwamba naye alikuandikia.

Barua yangu ilikuwa kifuani, ndani ya kanga. Nilikuwa naisikia karatasi ikichoma ngozi. Ningeweza kuitoa. Sikuitoa, kwa sababu uliniambia nisimwonyeshe mtu, na kwa sababu niliona aibu, si yangu, yako. Nikakaa kimya. Nyumba ikawa na Bibi Kimya wawili.

Tangu siku ile beseni liko karakana. Hakuniambia "usiguse." Amelijaza skrubu, kubwa upande huu, ndogo upande ule, anazipanga kila asubuhi kama mtu mwenye kazi kweli. Nami napita mbele yake na kurudi mbele yake.

Umetujibu watu wawili majibu mawili, na sote tunalala kitanda kimoja. Ulidhani hatutazungumza? Nataka jibu moja. Yule mama wa kliniki anahamishwa mwisho wa Agosti, na kasema mtoto akifikisha mwaka tangu homa bila maneno kurudi, mlango unazidi kuwa mzito. Mwaka unatimia Septemba.

Sikukasirikii. Nimechoka tu.

Dada yako


17 Juni

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Nimeanza barua hii mara tano.

Nilimwandikia yeye kama alivyotarajia mtu wa kwenye kanda ajibu. Nilikuandikia wewe kama kaka. Nilijua ni makosa wakati nalamba bahasha ya pili. Nilitumaini umbali utanifichia.

Nikwambie mambo yalivyo. Hapa chuoni hawaniiti kwa jina, wananiita Ustadh wa Kanda. Wanafunzi wanaijua kwa moyo, hata pale nilipokohoa wanakohoa. Nilipoisema nilikuwa na miaka ishirini na moja na Baba alikuwa hajatimiza arobaini kaburini, na nilikuwa nimeingiwa na hofu kwamba anaulizwa huko kwa ajili ya harusi zote zile alizozipigia. Nilisema kwa hofu, watu wakasikia elimu. Leo nimesoma zaidi. Najua waliokataza na waliofungulia wote walikuwa wakimcha Mungu kuliko mimi. Sina tena uhakika ule. Nina rai, lakini rai haitoki kinywani humu, maana chumba ninacholala, darasa ninalofundisha, vyote vimesimama juu ya kanda ile.

Na mwaka juzi alikuja mtu mzima kutoka mbali kunishukuru. Alisikia kanda akavunja udi wa baba yake, ala ya nyuzi ya urithi, kwa shoka. Alinishika mkono akilia kwa furaha. Nimwambie nini huyo?

Dufu la Baba sikulichoma. Liko chini ya kitanda changu, ndani ya foronya. Silipigi. Wakati mwingine naweka kiganja tu juu ya ngozi. Hili hajui mtu.

Nakutumia gauni la mtoto na sabuni za kufulia, najua nepi ni nyingi. Nipe muda kidogo.

Kaka yako


3 Agosti

Kaka yangu,

Assalamu alaikum. Kifurushi kimefika, asante. Gauni limemkaa vizuri, mabega tu ndiyo nimepunguza. Sabuni ni nzuri, hazibabui mikono. Shangazi kaangukia bafuni lakini hakuvunjika, mdogo amesimama mara mbili na kuanguka mara mbili, na mimi nimepata jipu kwenye ziwa limepona. Sisi tuko hivyo.

Muda ulioomba nimekupa, umekwisha. Acha nikueleze kilichotokea.

Jumatatu iliyopita skrubu ya redio ya mteja iliangukia chini ya benchi. Shemeji yako akapiga magoti kuitafuta, kichwa ndani, mgongo nje. Mimi nilikuwa mlangoni na nepi zangu nangoja njia. Bibi Kimya akaniponyoka, akaenda nyuma yake, akaweka viganja viwili mgongoni mwake, akapiga taratibu kama alivyofundishwa. Pigo moja, pigo moja.

"Ba-ba."

Hakuwa amemwita hivyo tangu homa. Mimi sikuwahi kulifundisha neno lile kwenye beseni, namwambia Mungu kweli. Niliona kama nitakuwa namsengenya. Shemeji yako hakutoka chini ya benchi. Alibaki ameinama vile vile, mtoto anapiga, ba-ba, ba-ba, mteja amesimama na redio yake hajui acheke au aende. Mwisho mume wangu akaniuliza kutoka kule chini, bila kutoa kichwa:

"Mama watoto, na mgongo wangu nao ni ala?"

Halikuwa swali langu. Nilikwenda chumbani, nikainua godoro, nikachukua barua yako ya Machi na ya Juni, nikaziweka juu ya benchi pembeni ya ile aliyonayo yeye. Uliniambia nisimwonyeshe mtu. Yeye si mtu, ni mume wangu.

Alisoma zote tatu kwa mpangilio wa tarehe. Pasi ya kulehemu ilikuwa inawaka muda wote, imechoma alama juu ya benchi, hakuona. Nilingoja hasira. Hakukasirika. Alikaa kama mtu aliyeambiwa nyumba aliyoijenga haina msingi, au una msingi lakini aliyeuchimba mwenyewe hana hakika. Nilimhurumia kuliko siku nyingine yoyote ya ndoa yetu. Akasema barua siyo jibu, maana barua moja ilishaipinga nyingine na ya tatu inaomba muda. Akasema, "Nilimsikia kwa sikio langu, nataka anijibu kwa sikio langu."

Akachukua kanda yako rafuni, akaigeuza. Nilikuwa sijui hata mimi. Mawaidha yako yanaishia upande wa kwanza. Upande wa pili ni mtupu tangu siku aliponunua. Akaisafisha kwa kitambaa, akaifunga kwa karatasi ya betri, akanipa. Ndiyo hiyo utakayoikuta ndani ya bahasha hii kubwa.

Kwa hiyo mambo yamesimama hivi. Beseni bado lina skrubu. Kliniki shemeji yako kanikubalia niende tena, yeye anabaki ngazini, hapandi wala hatuzuii, anatungoja na mwavuli. Nyumbani hatupigi chochote. Mtoto akimwendea mgongoni anamwachia, kisha anakwenda kutia udhu na kukaa peke yake muda mrefu. Siwezi kumuona hivyo miezi mingine sita. Na siwezi kumuona mtoto anafungua mdomo mtupu. Nimebanwa katikati, naye kabanwa, nawe huko na makabati yako, na ufunguo wa sote watatu ni mdomo wako mmoja.

Sasa nisikilize, mimi mdogo wako. Usiseme kitu kwa sababu ninalia. Kama ukiwa peke yako na Mola wako unaona ni haramu, sema haramu, nitaisikia kwa sauti yako na nitajua la kufanya. Lakini usiniambie habari ya dharura, kwamba mwenye kufa njaa huruhusiwa nyamafu. Nimekuona katika barua ya Machi unaelekea huko. Mwanangu akisema "maji" sitaki iwe amekula nyamafu. Ama ni halali aseme kwa uhuru, ama ni haramu tujue. Na yule mtu wa udi, mwambie naye. Ana haki ya kujua kama sisi. Atalia tena, na safari hii ulie naye.

Najua unaweza kupoteza chumba. Hapa ni viwili, tutajibana. Utalala karakana, miguu chini ya benchi, na redio zote zitakupa habari.

Nimechoka kuandika, mkono umekufa ganzi na mdogo anavuta karatasi. Vitu ninavyohitaji bado ni hivi, visivyokuwemo humu usihangaike navyo:

Dufu la Baba, ndani ya foronya yake hiyo hiyo, likiwa limefungwa kwa mbao juu na chini lisije likapasuka njiani.

Visahani vya bati usivitoe wewe. Shemeji yako amesema likija, kama jibu litaruhusu, atavitoa mwenyewe kwa bisibisi, kimoja kimoja, akivihesabu. Najua vilikuwa kumi, kimoja kilipotea harusi ya binti wa Shangazi.

Misumari midogo minne ya shaba ya kukazia ngozi, maana huku ninayoipata ni ya chuma, itashika kutu.

Barua moja, siyo mbili, juu yake jina la shemeji yako na langu yameandikwa pamoja, tuifungue siku moja.

Kanda, upande wa kwanza usiufute, uache ulivyo, na upande wa pili umejaa. Ifike kabla ya Jumanne ya mwisho ya Agosti.

Sabuni tunayo.

Dada yako